Sanduku la Chai Mbele ya Ukuta Mweupe

Tata, baba yangu mpendwa,

Kaboneka waitu. Ungekuwa hai ningekusalimu hivi nikiwa nimepiga magoti sebuleni kwetu Nshambya, nawe ungeniacha nikae hivyo kidogo kuliko inavyopasa, kunikomesha tu, kisha ungecheka. Leo nakusalimu nikiwa kitini. Miguu inavimba, ualimu nimestaafu, na wajukuu zako wananiita bibi bila kunionea huruma. Barua hii naiandika mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma, kwa sababu kosa nililokukosea nililifanya mbele ya watu.

Sinema imefunguliwa, Tata.

Nakuona unavyojifanya kuuliza sinema ipi. Ile ile. Ile ya mjini yenye kuta nene na ngazi tatu mbele, tuliyoiita Sinema tu maana hatukuwa na nyingine ya kuichanganya nayo. Sasa ni ukumbi wa sanaa wa watu wote. Kwaya zinaimba humo, watoto wa shule wanaigiza, na Jumapili alasiri anakuja mzee mmoja na enanga yake, anaiweka miguuni, anapiga zile nyuzi na kusimulia habari za wafalme wa zamani hadi watu wanasahau kwenda nyumbani. Nimeishi miaka mingi, nimeona mengi, lakini sikujua kwamba jengo linaweza kufufuka. Mwili wangu wote bado unanisisimka ninapolitaja.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Siku za kazi ulikuwa fundi cherehani kwenye varanda ya duka la Wahindi, ukishona sare za shule na kanzu za harusi, mtu mpole, mwana wa mzee wa kanisa la Kilutheri kutoka Kagoma. Mteja akikupunja kitambaa ulinyamaza. Mama alikuwa akisema angeweza kukusahau ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lakini Jumamosi saa kumi ulivaa koti lako la kahawia, ukachukua kile kipaza sauti cha bati ulichotengenezewa na fundi wa ndoo, ukanishika mkono, tukashuka mjini. Njiani hukusema neno. Nilidhani unaomba.

Ndani ulinikalisha mstari wa mbele, ukaenda kusimama kando ya ule ukuta mweupe, juu ya sanduku la mbao lililowahi kubebea majani ya chai. Ulitoa punje za kahawa mfukoni, zile za kutafuna tunazompa mgeni, ukatia mbili mdomoni. Taa zikazimwa. Mwanga ukatoka kule juu nyuma yetu, ukapita vichwani mwetu, nami kila mara niligeuka kuutazama ule mwanga wenyewe kabla ya kutazama picha. Kisha wewe, baba yangu mpole, ukapaza sauti iliyotikisa mabati.

"Kaboneka!"

Na ukumbi mzima ukakujibu, "Waitu!"

Picha zilikuwa za Kihindi, nawe ulizieleza kwa Kihaya. Kila aliyefumbua mdomo pale ukutani, wewe ulikuwa sauti yake. Ulikuwa mama, ulikuwa jambazi, ulikuwa polisi, ulikuwa msichana anayezunguka maua akiimba. Shujaa ulimwita Kaijage, na kwao kulikuwa Ijumbi. Adui yake hakuwa mwizi wa vito kama pengine picha ilivyotaka, alikuwa jirani aliyehamisha milamula, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka wa kibanja. Adui akitokea tu na masharubu yake, ulisema, "Huyo anakuja, mfichieni mipaka yenu!" na wanawake wenye vibanja vyao Muleba na Nshambya walimzomea kana kwamba wanamjua kwa jina. Kaijage alipotaka kupigana alijitapa kwanza kwa majigambo marefu ya kwetu, kama askari mbele ya mfalme, hata kama pale ukutani yule kijana alikuwa anapanda pikipiki kimya kimya.

Halafu kuna ile jioni ya senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Ulikuwa msimu wao, giza ndiyo kwanza linaingia, na mtu mmoja mlangoni akasema neno moja tu, "Senene!" Sijawahi kuona ukumbi ukiisha watu upesi namna ile. Walitoka na vitenge, na kofia, na mifuko, hata mwendesha mashine akaiacha mashine ikijiendesha, akakimbilia taa za barabarani. Tulibaki mimi na wewe na mke wa mwenye duka ulikokuwa unashonea, yule mama wa Kihindi ambaye hakukosa Jumamosi hata moja. Wewe hukushuka sandukuni. Kaijage alipogeuka kututazama, ulisema kwa huzuni, "Jamani, nimekuja kufa kwa ajili yenu, nanyi mmekwenda kuokota senene?" Yule mama alicheka hadi akalilalia begi lake. Watu waliporudi, mifuko ikiwatembea mapajani, ulimfanya Kaijage awaombe na yeye wamgawie.

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Niliamini mjini Bukoba hakuna mtu mkubwa kuliko wewe.

Sasa nifike kule nisikotaka kufika.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Nilikuja na wenzangu wawili niliokuwa nasoma nao, wasichana wa mbali, wenye Kiswahili cha haraka, nami nilitaka wanione mtu aliyesoma. Tulikaa nyuma. Mmoja wao alikuwa amekulia jirani na Wahindi, akijua lugha yao kidogo, akaanza kuninong'oneza: hapo hakusema hivyo, hapo pia hakusema hivyo, baba yako anatunga. Walicheka kwa kuziba midomo. Nami nikaona joto linapanda shingoni.

Tulipotoka, watu walikuwa wamejaa pale kwenye ngazi tatu wakinunua karanga, wewe katikati yao ukipigwa mabegani. Nikasimama mbele yako nikasema, kwa sauti ya darasani, "Tata, kwa nini unawadanganya watu? Hujui hata neno moja la Kihindi."

Hakuna aliyecheka. Ulikitazama kile kipaza sauti mkononi mwako, ukakigeuzageuza kama kitu ulichoazima.

"Ni kweli, mwalimu," ukasema.

Hukuwahi kuniita mwalimu kabla ya siku ile. Jumamosi iliyofuata ulikuwa shambani ukipalilia migomba. Na iliyofuata hiyo. Mama aliniangalia, nami nikajifanya kusoma. Baadaye video zikaja, milango ikafungwa, watu wakasema video ndizo zilizoiua Sinema, nami nikawaacha waseme hivyo. Uliishi miaka mingi baada ya hapo na hatukulitaja hata mara moja. Nilikuoshea miguu ulipougua, nilikulisha uji, nilikusomea zaburi, na neno moja la samahani halikunitoka. Nilidhani muda upo.

Ndiyo maana Adventina alipokuja nyumbani niliogopa. Adventina ni mwanamke wa makamo kutoka Muleba, anaongoza kikundi cha maigizo kilichokuwa kinafanya mazoezi kwenye madarasa ya kuazima. Ana sauti kubwa na hana subira hata ya kumaliza chai. Alisema, "Mwalimu, nasikia baba yako ndiye aliyekuwa akiongea kule Sinema. Jengo linataka kugeuzwa ghala la saruji. Tusaidie kuliomba." Nilimjibu nitafikiria. Akasema, "Fikiria tukiwa njiani," akaniletea viatu vyangu.

Msimamizi wa jengo alitupa asubuhi moja ya kuliangalia kabla hajakabidhi funguo kwa wenye saruji. Alikuwa mzee mwenye haraka zake, akihesabu nyufa zilizoachwa na lile tetemeko la ardhi na kutikisa kichwa. Ndani palinuka popo. Viti vingi vilikuwa vimeng'olewa. Upepo wa ziwani ukaupiga mlango nyuma yetu, ukajifunga, giza likawa giza kweli, na msimamizi akaanza kulalamika akitafuta simu yake amulike.

Adventina akasema, "Ngoja. Usimulike."

Tata, nisikilize. Ukuta wako mweupe ulikuwa unaonyesha picha.

Ilikuwa hafifu, lakini ilikuwepo, na rangi zake. Barabara ya nje ilikuwa pale ukutani, juu chini: bodaboda inapita kichwa chini miguu juu na mkungu wa ndizi nyuma yake, mwanamke na mwavuli mwekundu ananing'inia kama popo, mawingu yanatembea sakafuni. Kwenye mbao zilizoziba dirisha la mbele palikuwa na tundu moja la msumari, na mwanga wa jua uliingia hapo ukaileta barabara nzima ndani. Nilikuwa nikifundisha jambo hili darasa la sita, kwa mchoro wa chaki. Sikujua nilichokuwa nafundisha. Kwa miaka yote ile tuliyodhani Sinema imekufa, kila jua likiwaka ilikuwa inaendelea kuonyesha, na hakuna aliyekuja kutazama.

Yule mzee mwenye haraka alijifuta kiti kwa leso akakaa. Tulikaa wote watatu. Akapita mtu na mbuzi, na msimamizi akamcheka mbuzi. Sijui ilikuwa muda gani. Wingu lilipofunika jua picha ikazimika, naye akasimama na kusema taratibu, "Hebu nileteeni hayo mawazo yenu kwenye karatasi."

Maombi yetu yakakubaliwa, nasi tukaanza kazi. Kazi yenyewe ungeifurahia. Nyufa zilizibwa na mafundi waliokataa kupigwa picha mpaka wamalize. Kwaya ya Walutheri na ya Wakatoliki zilibeba mchanga siku moja, kila moja ikiimba zake, hadi zikachoka kushindana zikaimba pamoja. Mimi nilifagia. Na nyuma ya jukwaa, chini ya mavi ya popo na magunia, nilikuta sanduku la chai. Juu ya ubao wake palikuwa na mabonde mawili madogo, la kushoto limezama kuliko la kulia. Nilivua viatu nikaweka miguu yangu humo. Nikakaa chini nikalia kama mtoto, na Adventina, ambaye hana subira, alisubiri.

Kisha akanipa kazi iliyoninyima raha. Alitaka siku ya ufunguzi ionyeshwe picha moja ya zamani, bila sauti, na mtu asimame pale na kuieleza kwa Kihaya kama ulivyofanya wewe. Mtu huyo niwe mimi. Alikuwa ameipata picha mojawapo ya zile zile, ile ya ndugu wawili wanaotenganishwa na mto. Nilikubali, maana nilijua hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho ya kukurudishia nilichokunyang'anya. Nikanunua daftari. Nikakaa mezani siku nyingi nikijaribu kukumbuka maneno yako, na nikaandika kurasa nne tu. Vipande. Hakuna aliyekurekodi, Tata. Uongo wako haukuwa na nakala, nami ndiye niliyeuzima. Niliogopa kwamba nitapanda juu ya sanduku lako na watu wataona jinsi ulivyopotea.

Siku ilifika. Saa kumi, kama zamani. Sikutegemea watu wengi, lakini walianza kuja tangu saa nane: vijana na simu zao, wakulima kutoka Kagoma wakiwa na mashati ya kanisani, na wazee. Wazee wengi mno. Waliletwa, wengine wakishikwa mikono miwili, wakipanda zile ngazi tatu moja moja. Walipoingia waliuangalia ukuta, wakavua kofia. Bibi mmoja mfupi wa Ijumbi, Ma Kemilembe, aligoma kukaa alikoelekezwa, akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa tatu, upande wa kushoto. "Hapa ndipo pangu," alisema, akafungua kifundo cha kitenge akaanza kugawa kahawa ya kutafuna kwa waliomzunguka.

Nikapanda sandukuni na kile kipaza sauti chako cha bati mkononi. Taa zikazimwa. Ule mwanga ukatoka juu ukapita vichwani mwao, nami nikauona kwa mara ya kwanza kutoka upande wako. Hukuniambia, Tata. Hukuniambia kwamba mtu akisimama pale anaona nyuso zote zimewaka, mamia ya watu wametulia, midomo wazi, wazee na watoto wote umri mmoja. Kumbe miaka yote ile sisi tulikuwa tunatazama picha, na wewe ulikuwa unatutazama sisi.

"Kaboneka!" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Waitu!" Lilikuwa jibu la watu waliokuwa wamelibana kifuani muda mrefu.

Nilianza vizuri. Kaijage wa Ijumbi, jirani na milamula yake, watu wakacheka, wakazomea. Kurasa nne zikaisha upesi. Tukafika pale mama anaposimama mlangoni na mwanawe anaondoka kwenda kulipiza kisasi, naye anafungua mdomo. Nikafungua wangu. Hakikuja kitu. Nilijua ulisema jambo hapo, nilikumbuka ukumbi ukilia na kucheka kwa pamoja, lakini maneno yenyewe hayakuwepo. Yule mama aliendelea kusema kimya ukutani, nami nimesimama na bati mdomoni, na moyoni nikawa nasema basi, ndiyo hivyo, nimekuua mara ya pili.

Ndipo sauti ya bibi ikatoka mstari wa tatu, upande wa kushoto. "Mwanangu, ebitoke vimeiva. Kaa ule kwanza. Hata anayekwenda kufa haendi na njaa."

Na mzee mmoja nyuma kabisa akajibu kwa sauti ya Kaijage, "Mama, nitakula nikirudi."

"Hutarudi," wakasema wanawake. Sikujua ni wangapi. "Hutarudi, kaa ule."

Tata, waliendelea. Waliieleza picha nzima. Mmoja akisahau, mwingine alidakia. Majigambo ya mto waliyasema wanaume kwa pamoja, mstari kwa mstari, na vituo vyako, na kile kikohozi chako kabla ya jina la Kaijage. Kikohozi, Tata! Watu waliosikia mara ngapi, miaka mingapi iliyopita, walikohoa mahali pale pale. Vijana waliacha simu zao mapajani. Adventina alikuwa amekaa sakafuni, mikono kichwani. Mimi nilishusha kile kipaza sauti nikasimama tu juu ya sanduku lako, nikikusikia ukitoka midomoni mwa watu mia kadhaa, nami nilikuwa kama mtu aliyeingia kanisani akakuta Mungu mwenyewe yumo.

Taa zilipowashwa nilishuka nikaenda kupiga magoti mbele ya Ma Kemilembe. Nilijitaja mimi ni nani. Nikamwambia nilichokwambia pale kwenye ngazi.

"Najua," alisema. "Nilikuwepo. Nilikuwa nanunua karanga."

"Nilidhani anawadanganya."

Akacheka bila sauti, mabega yakicheza. "Mwana wange, nani hakujua? Yule mama wa Kihindi alikuwa anakaa hapa, na mimi hapa. Nilimuuliza siku ya kwanza kabisa, huyu anasema kweli? Akaniambia, hata neno moja, lakini nyamaza, hii yake ni nzuri kuliko ile." Akakifungua tena kile kifundo cha kahawa. "Sisi tulikuja kumsikia baba yako. Wahindi walikuwa wanatuletea picha tu."

Nikamuuliza kama watu walinikasirikia ulipoacha.

"Tulimfuata kwake Nshambya, watu sita, tukambembeleza. Bojo, tafadhali, rudi. Akakataa. Alituambia binti yake sasa ni mwalimu, na mwalimu hawezi kuwa na baba ambaye watu wanasema ni mwongo." Akanitia punje mbili mkononi, akanifunga vidole. "Alivyosema hilo neno mwalimu, ungedhani anajitapa mbele ya mfalme. Tukaona tusimharibie."

Kwa hiyo nilikosea mara mbili. Nilidhani uliwadanganya, na nilidhani nilikuvunja. Miaka yote niliyokuwa nakuonea aibu, kisha nikajionea aibu mwenyewe, wewe ulikuwa umeiweka sauti yako chini kama mtu anavyompisha mwanawe kiti, na ukaenda kupalilia migomba ukijivunia mimi moyoni. Sijui niseme asante au nikulilie. Nasema yote mawili. Nisamehe, Tata. Asante, kasinge waitu.

Wameniomba nisimame pale kila Jumamosi. Wazee wamesema watanisahihisha, na wameanza kufanya hivyo bila huruma. Juzi Adventina ameleta picha mpya ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukusikia ukiieleza. Nimeitazama bila sauti. Kuna mama ndani yake, kuna mto, kuna mtu mwenye masharubu ninayemshuku kwa habari za mipaka. Kahawa ninayo mfukoni, punje mbili.

Na sijui hata neno moja la Kihindi.

Pumzika hapo ulipo, sikio likiwa wazi,

mwanao,
yule uliyemwita mwalimu